Mama alipata AVC (kiharusi), sasa hataki kula wala kuongea: je, ni homoni?

*"Jambo Dokta. Mama yangu ana miaka 56, tunaishi Kadutu, Bukavu. Alikuwa anauza vitenge sokoni. Miezi mitano iliyopita alipata AVC, upande wa kuume ukalegea. Maneno yamerudi polepole, mguu unasogea kidogo, mkono bado. Mwanzoni alikuwa na bidii ya kinezi, yale mazoezi ya kurudisha viungo, lakini tangu miezi mitatu hivi amebadilika. Chakula anakigusa tu. Anaamka saa tisa usiku na kukaa macho mpaka kunapambazuka. Hataki wageni, hataki kusali nasi. Juzi akaniambia: 'Mngeniacha nipumzike tu.' Kaka yangu anasema anajilegeza. Pasta anataka tufunge siku tatu pamoja naye, bila chakula wala maji. Jirani aliyewahi kufanya kazi farmasini anasema ni homoni zilizoisha tangu alipokoma hedhi, eti tumnunulie homoni. Ndiye pia aliyetupatia dexa na kidonge cha kufungua hamu ya kula. Anameza kila jioni, sasa karibu miezi miwili. Dawa zake za lopitali ni amlodipini, Aldomet, aspirini na kidonge cha kukojolesha. Kweli ni homoni? Na nyumbani tubadilishe nini? Kuna aliyetaja SOSAME, kile kituo cha afya ya akili, lakini familia inaogopa watu watasema mama amekuwa kichaa."*

Dada, umefanya vizuri kutaja hata vidonge vya jirani. Wengi huvificha wakija kliniki, na katika habari ya mama yako sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Lakini kabla ya homoni, kuna lile neno lake: "Mngeniacha nipumzike tu." Usilipite. Leo, mkiwa wawili tu, muulize waziwazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Kwetu watu wanaogopa kwamba ukiuliza hivyo unamtia mtu wazo. Sivyo, wazo kama lipo limekuwapo kabla yako, na anayeulizwa kwa upole mara nyingi anapata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna wa kumwambia. Akijibu kwamba anatamani tu Mungu amchukue, mpelekeni kliniki wiki hii. Akikuambia amekwisha kufikiri namna ya kufanya, au ukikuta amekusanya vidonge chini ya mto, asibaki peke yake hata kidogo na mwende siku hiyohiyo. Kwa vyovyote vile, mfuko wa dawa utoke kando ya kitanda chake, ukae mahali unapofunga wewe.

Unayoyaeleza, yaani kukosa hamu, kuamka alfajiri mno, kujitenga, kukata tamaa, na yote hayo kwa miezi mitatu mfululizo, yanafanana sana na sonona inayofuata kiharusi, ile mnayosikia ikiitwa depresio. Si jambo la nadra. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopona kiharusi huipata wakati fulani, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza. Ni sehemu ya ugonjwa uleule uliolegeza mkono. Siwezi kuithibitisha kwa barua; lazima mtu akae naye, amsikilize, ampime. Ila naweza kukueleza inatoka wapi, na hapo kaka yako naye asogee asikilize.

Chini kabisa ya ubongo, kwenye shina lake, kuna mafungu madogo ya chembe zinazotengeneza serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo chembe za ubongo hutumia kupelekeana habari. Kutoka hapo nyuzi ndefu hupanda, hupita katikati ya ubongo, hadi sehemu ya mbele ambako mtu hupata hamu ya kuanza jambo, kupanga, kufurahia. Kiharusi kikikata njia hiyo, hata kwa kidonda kidogo, sehemu ya mbele inabaki haipati inachohitaji. Mama anaweza kuwa anataka kunyanyuka kwenda kufanya mazoezi, lakini ile nguvu ya kuanza haifiki. Nje inaonekana uvivu. Ndiyo maana neno "anajilegeza" linaumiza bure: linamlaumu mgonjwa kwa dalili yake.

Halafu kuna kinga ya mwili. Ubongo ukijeruhiwa, kinga huamka, na baadhi ya kemikali zake huendelea kuzunguka kwenye damu kwa muda mrefu. Moja ya athari zake ni kwamba triptofani, malighafi ya serotonini tunayoipata katika maharagwe, mayai na samaki, inageuzwa kuwa vitu vingine badala ya serotonini. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba ndizi au "vitamini za furaha" zitatosha, ujue shida haiko kwenye sahani peke yake.

Kuna pia wanaosema aliyeumia ubongo upande wa kushoto, kama mama yako ambaye amelegea kuume, lazima apate huzuni. Wazo hilo lina historia: miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, Robert Robinson akiwa mmoja wao, waliona sonona zaidi kwa walioumia kushoto mbele. Tafiti nyingi zilipokuja kujumlishwa pamoja mwaka 2000, jambo hilo halikusimama. Msijifunge nalo.

Sasa homoni. Jirani amegusa kweli, ila ameishika kwa mkono usio wake.

Homoni inayohusika zaidi hapa ni kortisoli, inayotoka kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo. Ni homoni ya dharura. Mtu akishtuka au akiugua inapanda, hatari ikipita ubongo unatuma amri ishuke. Kwa kawaida inakuwa juu asubuhi na chini kabisa usiku wa manane. Baada ya kiharusi, kwa wagonjwa wengi amri ya kushuka haifiki vizuri, na kortisoli inabaki inanguruma kama jenereta ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima baada ya umeme wa SNEL kurudi. Kortisoli inayokaa juu inavunja usingizi, inapandisha sukari na shinikizo la damu, na inadhuru sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na kutuliza hisia. Watu wenye sonona ya namna hii mara nyingi huamka saa tisa au saa kumi usiku, na asubuhi ndiyo wakati wao mbaya kuliko yote. Uangalie kama mama anachangamka kidogo kuelekea jioni. Daktari atataka kujua.

Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Dexa, yaani deksametasoni, ni homoni. Ni kortisoli ya kiwandani, yenye nguvu zaidi ya mara 20 ya ile ya mwili. Kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kinakaribia kazi ya kortisoli yote ambayo mwili hutengeneza kwa siku. Mjini mwetu inauzwa kama dawa ya kunenepesha, wasichana wanaimeza ili wapate mashavu, na akina mama wanawapa wagonjwa ili wale. Kwa mtu aliyepata kiharusi ni hatari mara nyingi: inapandisha tansio (shinikizo la damu), inapandisha sukari, inalainisha mifupa ya mtu ambaye tayari yuko katika hatari ya kuanguka, na ikikutana na aspirini inaweza kutoboa tumbo likatoka damu. Ikimezwa jioni inafukuza usingizi. Kwa hisia, wengine inawachangamsha kupita kiasi, wengine inawazamisha. Mnamtafuta mchawi wa homoni na kumbe mnampa wenyewe kila jioni na chai.

Nisikulaumu zaidi ya hapo, mlitaka ale. Tena hesabu ya tarehe inaonyesha dexa haikuanzisha jambo hili, kwa kuwa mama alibadilika mwezi mzima kabla ya kidonge cha kwanza. Ila inawezekana kabisa kwamba inalichochea.

Msiikate ghafla. Baada ya karibu miezi miwili, tezi zake zimezoea kusaidiwa na zimelala. Ukisimamisha kwa siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu kuporomoka, hata kuzimia. Mpeleke kwa daktari ndani ya siku chache, na mpaka siku hiyo mpe kiasi kilekile, ila asubuhi baada ya chakula na si jioni, bila kuongeza hata nusu kidonge. Daktari ndiye atakayepanga jinsi ya kuipunguza hatua kwa hatua.

Kile kidonge kingine cha hamu ya kula, soma jina kwenye karatasi yake. Mara nyingi ni siproheptadini. Ikiwa ndiyo hiyo, inaweza kuachwa mara moja. Inasinziza, inachanganya akili za watu wazima, na kazi yake mojawapo ni kuziba milango ambayo serotonini inaingilia. Tukija kumpa mama dawa ya sonona huku anameza hiyo, tutakuwa tunajaza ndoo iliyotoboka.

Nikiwa bado kwenye mfuko wa dawa, Aldomet. Ni metildopa, dawa ya zamani ya tansio ambayo bado tunaiheshimu sana kwa wajawazito. Kwa wengine, dawa hii inaleta uzito wa mwili, usingizi wa mchana na huzuni. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuwa na dalili za sonona, mimi ningependa ibadilishwe. Lakini ibadilishwe na aliyeiandika, kwa kuweka nyingine mahali pake, kwani tansio ikiachwa wazi ndiyo inayoleta kiharusi cha pili. Na kidonge cha kukojolesha anakimeza saa ngapi? Kama ni jioni, huenda saa tisa usiku anaamshwa na kibofu, halafu mawazo yanamkuta macho. Muulizeni daktari kama kinaweza kuhamia asubuhi. Nimeona wagonjwa waliopata nusu ya usingizi wao kwa badiliko hilo tu.

Estrojeni, homoni ambayo jirani anataka mnunue, ina uhusiano wa kweli na hisia. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi, inapopanda na kushuka ovyo, wanawake wengi hupata huzuni na kukosa usingizi. Lakini kwa mwanamke aliyekwisha kupata kiharusi kuimeza ni mlango wa hatari. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 664 waliokoma hedhi na waliokuwa wamepata kiharusi au dalili zake za kupita. Nusu walipewa estrojeni. Haikuwakinga na kiharusi kingine, na viharusi vya kuua vilikuwa vingi zaidi upande wa waliopewa. Kwa hiyo sindano au vidonge vya homoni vya farmasini, hapana. Kama mama anaamshwa na joto la ghafla na jasho, mwambie daktari, kuna njia nyingine.

Homoni ambayo inafaa kupimwa kweli ni ya tezi ya shingoni, tiroidi. Ikipungua, mtu anakuwa mzito, anahisi baridi, anafunga choo, ngozi inakauka, mawazo yanakuwa polepole, na yote hayo yanafanana na sonona kiasi cha kutudanganya sisi waganga. Kipimo chake kinaitwa TSH. Kwetu Kivu nina sababu ya kukisisitiza: kisiwa cha Idjwi kilijulikana duniani kwa rovu, kwa sababu ya upungufu wa iodini pamoja na muhogo usiolowekwa vya kutosha, na familia nyingi za Bukavu zina mizizi kule. Chumvi yenye iodini imebadilisha mengi, ila kipimo hakidhuru. Pamoja nacho waombe sukari ya asubuhi kabla ya kula (kwa ajili ya dexa hasa), wingi wa damu, na sodiamu na potasiamu. Ukiwa na fedha ya vipimo viwili tu, anza na sukari na sodiamu, TSH ifuate.

Ulichouliza kuhusu nyumbani ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hapo mna uwezo ambao hospitali haina.

Naijua Kadutu. Nyumba imeshikilia mteremko, njia ni ngazi za udongo, pikipiki inaishia barabarani. Mtu aliyelegea mguu katika nyumba kama hiyo ni mfungwa. Mama aliyekuwa akishuka kila asubuhi sokoni, akisalimiwa na kila mtu, akibishana bei, sasa anatazama ukuta wa chumba cha nyuma. Ubongo wowote ungeinama. Kwa hiyo la kwanza, kila siku kabla ya saa tatu asubuhi atoke chumbani, akae barazani au mlangoni penye mwanga, awe amevaa nguo ya mchana na si ya kulalia. Mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili, ile inayoamuru kortisoli ipande mchana na usingizi uje usiku.

Angalieni jinsi mnavyomnyanyua. Mara nyingi namwona kijana mwenye nia njema akimvuta mgonjwa kwa mkono uliolegea, au akimshika chini ya kwapa na kumwinua. Misuli iliyokuwa ikishikilia bega haifanyi kazi tena, mfupa unateremka kidogo kutoka mahali pake, na kila mvuto unaliumiza zaidi. Baada ya wiki chache mgonjwa ana maumivu ya bega usiku, halali, na anakataa kinezi kwa kuwa kinezi kinauma. Familia inaita huo ukaidi. Mshike kiunoni au kwa kitambaa kilichofungwa kiunoni, na akiketi mkono ule uwekewe mto. Muulize mama leo kama bega linamuuma. Nitashangaa akisema hapana.

Mazoezi yasingoje siku ya kinezi. Kuketi ukingoni mwa kitanda, kusimama huku ameshika kiti kizito, kuketi tena. Mara tano asubuhi na mara tano jioni, mtu akiwa karibu yake. Wiki ijayo mara saba. Mwendo wa mwili ni moja ya vitu vichache ambavyo tafiti zinaonyesha vinapunguza dalili za sonona baada ya kiharusi, na unashusha tansio na sukari vilevile. Asitegemee hamu ije kwanza. Katika ugonjwa huu hamu inakuja nyuma ya kitendo, kwa hiyo msimuulize "unataka?", mwambieni "mama, saa imefika" na mwanze naye.

Mrudishieni pia kazi. Sisemi kazi ya kumchosha. Mkono wa kushoto unaweza kuchambua maharagwe. Kama kuna mtu anayeendeleza biashara ya vitenge, alete daftari jioni, mama ndiye aseme kipande hiki kisiuzwe chini ya bei hii, mteja yule asikopeshwe tena. Wale akina mama wa likelemba yake, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, waombeni waje, wawili wawili, si kumi kwa siku moja, na wasimlilie. Wamletee umbea wa soko. Anayesema hataki wageni mara nyingi anaona aibu ya mdomo uliopinda na maneno yanayochelewa. Mgeni mmoja anayemzoea, kwa muda mfupi, anavunja aibu hiyo kuliko kundi la waombezi.

Chakula kidogo mara nyingi ni bora kuliko sahani kubwa inayomtisha. Sambaza, lengalenga, sombe, maharagwe, yai, na bugali kidogo, vyote vizuri. Chumvi ndiyo adui: yote kwa siku isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye makayabu (samaki wa chumvi) na vipande vya kiungo cha supu. Pombe, hata kasiksi ya "kumpa usingizi", iachwe. Inamlaza kwa muda wa saa mbili kisha inamwamsha vibaya, na sonona inanenepa nayo. Mkimsikia anakoroma sana na kuna wakati pumzi inakatika halafu anashtuka, mwambieni daktari, maana ugonjwa wa pumzi usingizini ni wa kawaida mno baada ya kiharusi na unachosha ubongo. Na redio ya habari za vita izimwe baada ya chakula cha jioni. Mji wetu umebeba ya kutosha. Mwili wa mgonjwa hauna haja ya kuyasikia tena kitandani.

Kuhusu kufunga siku tatu bila maji, nitasema bila kumvunjia pasta heshima: mama asifunge. Anameza dawa za tansio na kidonge cha kukojolesha. Kukauka maji kunaweza kumletea kuzimia, kuharibu figo, hata kiharusi kingine, na dexa ikikosekana ghafla kwa siku tatu tumekwisha kuona hatari yake. Mwombeni pasta aje asali naye kando ya kitanda, kwa nusu saa, na ninyi wengine mfunge mkitaka. Wachungaji wengi ninaowafahamu wanakubali hivyo wakielezwa.

Je, atahitaji dawa ya sonona? Kwa ulivyoeleza, na hasa kwa lile neno lake, nadhani ndiyo, lakini daktari aliyekaa naye ndiye atakayeamua. Fluoksetini ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi kati ya zile salama kiasi. Si dawa ya kupewa kila aliyepata kiharusi kama kinga: utafiti wa Uingereza uitwao FOCUS, uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 3,127, ulionyesha kwamba kuimeza miezi sita hakukuwaongezea uwezo wa kutembea wala kujihudumia. Waliopata sonona walipungua, asilimia 13 badala ya 17, lakini waliovunjika mifupa waliongezeka, karibu asilimia 3 badala ya moja na nusu. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana sonona kamili, mizani inaegemea upande wa kutibu, kwa sababu sonona isiyotibiwa inazuia kupona na inafupisha maisha.

Inachukua wiki mbili hadi sita kabla hamjaona kitu, na ikimsaidia itaendelea angalau miezi sita baada ya kupata nafuu. Wengi wanaiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Mambo mawili ya kuchunga kwa mama yako hasa: ikiungana na aspirini inaongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni, kwa hiyo choo cheusi kama lami ni safari ya hospitali, na ikiungana na kidonge cha kukojolesha inaweza kushusha sodiamu katika wiki za mwanzo, mtu akachanganyikiwa na kusinzia ovyo. Ndiyo sababu nilitaka sodiamu ipimwe mapema.

Farmasini watakupa amitriptilini kwa wepesi zaidi. Ni dawa nzuri mahali pake, ila kwa mtu wa umri wake aliyepata kiharusi inaweza kumfunga mkojo, kumwangusha anaposimama na kusumbua mapigo ya moyo, na akimeza nyingi kwa pamoja inaua. Msiinunue wenyewe. Mazungumzo ya kila wiki na mwanasaikolojia yanasaidia pia, peke yake au pamoja na dawa, maadamu maneno ya mama yanatosha kuongea.

Jambo jingine: kama kuna wakati analia ghafla, au anacheka, kwa sekunde chache bila sababu, kisha anasema "hata sijui nalia nini", hiyo huenda si sonona bali ni breki ya hisia iliyolegezwa na kiharusi. Inatibika, lakini ni tofauti. Mwelezeni daktari mlivyoiona.

SOSAME si nyumba ya vichaa. Ni kituo cha afya ya akili na mishipa ya fahamu. Wanatibu kifafa, kukosa usingizi, huzuni ya baada ya msiba na ya baada ya kiharusi, na wengi huonwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Familia ikishindwa kabisa kulikubali jina hilo, anzeni hospitali kuu ya rufaa ya mkoa, kwa daktari wa magonjwa ya ndani anayefuatilia tansio yake, mumweleze yote haya. Sijali mlango mtakaoingilia, ninajali msikae mwezi mwingine mkibishana.

Mkiwa bado mnapanga, kuna yasiyosubiri: mdomo kupinda upya, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kupotea, kichwa kuuma kwa kishindo, kutapika damu, kuacha kabisa kunywa maji kwa siku nzima, au kutaja njia ya kujiua. Hapo tafuteni vijana wa jirani wa kumbeba hadi barabarani, usiku au mchana.

Wewe nawe, barua yako yote haina mstari mmoja unaosema nani anakupokea zamu. Kaka anayesema mama anajilegeza apewe usiku mbili za wiki. Saa tisa ikimkuta macho kando ya kitanda atajifunza zaidi ya nitakayomwandikia.

Siku ya kwenda kliniki, weka vidonge vyote katika mfuko mmoja pamoja na karatasi zake, vya hospitali na vya jirani, hata ambavyo ameacha. Andika kwenye karatasi saa anayolala, saa anayoamka, alichokula siku tatu za mwisho na tansio kama mmeipima. Na mama mwenyewe aingie ndani aongee kwanza, hata akichukua dakika nzima kumaliza sentensi moja, kabla yako.